Hedifoni za Kuua Kelele

Tulipohamia hapa, nyuma ya nyumba yetu palikuwa na shamba la mihogo. Mwaka wa pili mwenye shamba akaliuza, mihogo ikang'olewa, pakasimikwa karasha. Kwa asiyelijua, karasha ni pipa kubwa la chuma linalozungushwa na injini ya dizeli. Ndani yake hutiwa mawe yenye dhahabu pamoja na magololi ya chuma mazito kama ngumi, pipa likizunguka yanasaga mawe mpaka yanakuwa unga. Injini inanguruma, pipa linakwaruza, magololi yanagonga, vyote kwa pamoja. Baada ya miezi michache yakawa makarasha matatu, na mume wangu akapata kazi ya kuyasimamia.

Kazi ile tuliishukuru, sitasema uongo. Kabla yake alikuwa akishuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya kuchimbia dhahabu, na kila alipochelewa kupanda nilikaa roho mkononi. Karasha liko juu ya ardhi, nilimwambia, halimfukii mtu. Masikio sikuyafikiria kabisa.

Alianza kwa kuongea kwa sauti kubwa. Nikadhani ni mazoea ya kazini. Kisha akawa ananijibu nisichouliza. Nikisema chumvi imeisha, anasema, "Atakuja kesho." Watoto wetu wawili wanasoma bweni, na walipokuja likizo walimcheka baba yao, naye akacheka nao, maana hakujua wanacheka nini. Kicheko kile ndicho kilichonitia hofu.

Jumapili moja tulikuwa tumekaa ukumbini baada ya ibada. Mashine zilikuwa zimezimwa, hata kuku ulikuwa unawasikia wakiparua.

"Mwalimu," aliniita. Nafundisha shule ya msingi, na mitaa yote hii jina langu ni hilo, yeye naye akaliokota. "Unasikia huo mlio?"

"Mlio gani?"

"Kama nyenje. Hauishi." Akagusa sikio, kisha akaondoa kidole akagusa kichwa. "Sio hapa. Humu."

Nikamwambia ni uchovu. Nilitaka iwe uchovu.

Wiki mbili baadaye niliitwa kwenye semina Kahama. Wakati wa mapumziko niliingia duka la simu kutafuta chaja, nikamkuta kijana wa duka anamwonyesha mteja hedifoni ndogo za kuchomeka masikioni, zisizo na waya, zinazounganishwa kwa blutuu. Alisema hizo zinaua kelele. Nikaomba na mimi nijaribu.

"Vaa, mama," alisema, akagusa moja kwa kidole. "Sasa niambie, nje unasikia nini?"

Nje palikuwa na bajaji, jenereta, na spika ya duka la jirani inayotangaza mitumba. Vyote vilizama. Si kwamba vilikwisha, ila vilikwenda mbali, kama vimehamia mtaa wa tatu. Mdomo wa yule kijana uliendelea kucheza nami nikawa namtazama tu, machozi yananilengalenga, namfikiria mtu aliyeko nyumbani. Nilinunua bila kupatana bei.

Lakini mimi ni mwalimu, kitu sikiamini kabla sijakisahihisha. Nikasema nitazivaa mwenyewe wiki nzima, nizijue, ndipo nimpe.

Siku ya kwanza nilizivaa nikisahihisha madaftari. Ngurumo ya injini ilipotea kabisa. Magololi yalibaki, lakini madogo, kama karanga zinazomiminwa kwenye sufuria chumba cha pili. Ile ya kushoto ilikuwa inachomoka kila nikitafuna, mpaka nilipogundua ndani ya boksi mna vipira vya ziada, vikubwa kidogo. Nilipovibadilisha vikashika. Chaji haikunisumbua. Zikilala kwenye kiboksi chake usiku, zinanifikisha jioni.

Kwenye bodaboda hazifai. Upepo uliingia ukawa unavuma kama mtu anapuliza chupa, na lori lilitupita ubavuni kabla sijajua liko nyuma yetu. Nikazivua palepale. Shuleni, katika ofisi ya walimu, sauti za wenzangu zilipungua tu, hazikufa. Nadhani mashine hizi zinaelewana na kelele ya namna moja inayokwenda bila kukatika, maneno ya watu yanazishinda. Kwenye joto la mchana masikio yanatoa jasho. Na jikoni niliunguza maharage, kwa sababu maji yalikauka na mimi sikuyasikia yakichachatika.

Siku ya Alhamisi bibi mmoja jirani yetu, mama wa Kisukuma ambaye sijawahi kupishana naye bila kumwamkia, alipita uani kwangu nikiwa nafua. Alinisalimia yeye, mkubwa, "Mwangaluka," akasimama, akarudia. Mimi nimeinama, nafua. Habari zilinifikia kesho yake kuwa mwalimu siku hizi ana kiburi. Nilikwenda kumwomba radhi, nikampigia magoti. Akanishika mkono akaniuliza, "Kwani na wewe umeshaanza kama mumeo?"

Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa unajua.

Pamoja na hayo yote, niliona zinafaa. Kwa mtu anayelala mchana kwa sababu ya zamu ya usiku, mtu ambaye nyumba yake inatikiswa na makarasha matatu, niliona nimempata mganga. Jumamosi alasiri nilimkalisha kitandani, nikachagua vipira vinavyomtosha, nikamvalisha mwenyewe. Mashine zilikuwa zinasaga. Nikagusa kama alivyonifundisha yule kijana.

Uso wa mume wangu ulitulia kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Nikatabasamu. Kisha macho yakamtoka. Akazichomoa zote mbili kwa pupa, moja ikaangukia chini ya kitanda.

"Kumbe ni kubwa hivi," alisema.

"Nini kubwa?"

"Huo mlio. Karasha lilikuwa linaufunika." Alikuwa ananitazama kana kwamba mimi ndiye nimemletea. "Mwalimu, huo mlio ni mkubwa."

Nilipiga magoti nikatafuta ile iliyoanguka. Nilichelewa kuinuka makusudi, maana sikujua niinuke na uso gani.

Tulijaribu tena kesho yake, safari hii na nyimbo za kwaya alizokuwa akizipenda. Alisema anasikia ngoma na besi, maneno hayaji. Mlio uko palepale juu ya wimbo.

Nikaomba ruhusa shuleni, tukapanda basi asubuhi kwenda kwenye kliniki ya masikio Mwanza. Walimwingiza kwenye kichumba kidogo chenye kioo, wakamvalisha hedifoni kubwa, wakamwambia ainue mkono kila akisikia sauti. Mimi nilikaa kwenye benchi upande wa pili wa kioo, namwona. Mtaalamu alibonyeza. Mume wangu akainua mkono. Akabonyeza tena, mkono ukainuka. Baada ya hapo mtaalamu alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza, na ule mkono ulibaki umelala juu ya goti. Yeye alikuwa ametulia, anangoja kwa adabu, kama mwanafunzi anayeamini swali bado halijaulizwa. Nilitamani kugonga kioo nimwambie inua, inua mkono, baba watoto.

Daktari alikuwa binti mdogo. Alimwambia, "Shikamoo, baba," na mume wangu hakuitikia. Nikaitikia mimi kwa niaba yake. Daktari akaandika kitu.

Alitueleza bila kutuzungusha. Kilichokufa ndani ya sikio kwa kelele hakifufuki. Huo mlio hauna kidonge. Ajikinge ili asipoteze kilichobaki, na kama inawezekana aache kazi ile. Nyumbani tuwashe redio kwa sauti ya chini, watu wengine inawasaidia. Nikatoa kiboksi changu mkobani nikamwonyesha, nikiwa bado na tumaini la kijinga.

"Hizi ni za kusikilizia, mama," alisema kwa upole. "Si kinga ya kazini. Wewe zinaweza kukufaa."

Mimi.

Kaka yake analima tumbaku Ushetu. Nilimpigia simu nikamweleza, akasema, "Mlete, shemeji, huku hakuna hata mashine ya kushona." Tulikwenda likizo ya shule. Pale ni kimya kweli, nyumba ziko mbalimbali, unasikia mtu akikohoa ng'ambo ya mabani ya kukaushia tumbaku. Siku ya kwanza mume wangu alisaidia kufunga majani. Siku ya pili alisema kichwa kinamuuma. Siku ya tatu hakula. Redio tuliwasha, akaizima, akasema inampigia kelele bila kuufunika ule mlio. Siku ya nne asubuhi hakuonekana.

Tulimtafuta mabanini, tukamtafuta mtoni. Nilimkuta kijiji cha pili, kwenye mashine ya kusaga mahindi. Alikuwa ameketi kwenye gogo, mgongo ameuegemeza ukutani, upande ule ule wa injini, ukuta unatetemeka. Hakuwa na gunia wala debe. Wanawake waliopanga foleni walikuwa wanamtazama kwa pembe ya jicho. Macho yake yalikuwa yamefumbwa na uso umelainika, kama siku zile za uchumba alipokuwa akilala mchana kwetu.

Nikamgusa bega. Akashtuka.

"Napumzika," alisema.

Ningemwambia nini? Kwamba kinachompumzisha ndicho kinachommaliza? Alishaambiwa na daktari, mbele yangu, na alilisikia lile kwa sababu nililirudia kwa kupayuka ndani ya basi, abiria wote wakigeuka. Nilikaa kwenye lile gogo kando yake. Kesho yake tulimuaga kaka yake, tukarudi.

Ameendelea na kazi. Nilimnunulia zile kinga kubwa za plastiki zinazofunika sikio lote. Anaondoka nyumbani amezivaa, na nikichungulia dirishani saa moja baadaye naziona zimetundikwa kwenye mti. Nimemsihi, nimemnunia, nimemletea mchungaji. Mchungaji aliongea robo saa, mume wangu akaitika amina mahali pasipofaa.

Hedifoni ninazo mimi. Nazitumia shuleni nikisahihisha, na zinafanya kazi yake vizuri. Nyumbani sizivai akiwepo.

Juzi chakula kilikuwa tayari, nikaita kutoka mlangoni, kwa mazoea tu. Nikavuka uwanja nikamfuata. Alikuwa amesimama karibu kabisa na pipa, unga wa mawe umempaka kope. Nikaweka mdomo sikioni mwake nikapiga kelele kwamba ugali unapoa.

Akageuka akanitazama midomo, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. "Sawa," alisema. "Mwambie aingie."

Sikumrekebisha. Nilisimama naye pale, mikono nimeziba masikio yangu, mpaka mawe yalipoisha ndani ya pipa.