Mshika Kamba Naye Huchoka

Juzi, kwenye benchi la zahanati huku Nyamisangura, mama mmoja alishika pindo la kanga, pindo la pili likiwa mkononi mwa mumewe. Mume akivuta, mke naye anavuta.

Nesi akauliza, "Mama, huo ni mchezo gani?"

"Si mchezo. Alifukiwa na kifusi akichimba dhahabu, wakamtoa mzima, lakini hofu haijamtoka. Kule shimoni wa chini akivuta kamba, wa juu anamjibu. Sasa wa juu ni mimi."

"Na wewe unapumzika saa ngapi?"

Usingizi ulishamchukua mama. Mume akavuta. Mkono wa mke, usingizini, ukajibu.

Tuliokuwepo tukampa mume pole. Mke tukamwamsha, tukamwambia asilale, mgonjwa wake anakaribia kuitwa.