Mkono wa Muuza Mikeka

Siku gari moshi lilipofika Morogoro kwa mara ya kwanza, nilisimama kando ya reli na tenga lenye jogoo wa kumpelekea mjomba. Nilikodoa macho kama wenzangu wote. Moshi ulipotawanyika, tenga lilikuwa tupu.

Aliyekuwa karibu nami ni muuza mikeka mmoja. Nikamburuta kwa akida, mtu wa pwani aliyetusimamia kwa niaba ya Wajerumani.

"Ulimwona akichukua?"

Sikumwona. Lakini nilikuwa kijana wa shule ya serikali, na watu walikuwa wananitazama. "Nilimwona."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kushoto." Nilipotamka tu, mkono ukanijia kichwani: vidole vyenye madoa ya rangi ya ukindu, unyoya mwekundu umenata kwenye kucha. Kila nilipoulizwa, picha ilinenepa. Kufikia swali la tatu sikuwa nadanganya tena, nilikuwa naona.

"Bwana, hata mimi nilikuwa natazama gari moshi!" muuza mikeka alilia.

Akida akamwamini msomi. Viboko ishirini na tano.

Vilikuwa vimeshuka vinne jogoo alipowika nyuma ya umati. Akajitokeza mtani wangu, wa ukoo ambao tunataniana nao hata msibani, jogoo kwapani.

"Mtani, nimekutafuta! Ulivyoduwaa pale, ningekuvua hata shuka!" Kisha akamwona mtu aliyelazwa chini, kicheko kikamkauka.

"Utani gani huu wa kuiba?" akida alifoka. Umati mzima ukamweleza kwa mpigo. Hakuelewa hata mmoja, akatufukuza sote.

Muuza mikeka alijikung'uta vumbi, akaninyoshea mkono wake wa kushoto mpaka puani. "Tazama sasa, msomi. Safari hii tazama kweli."

Haukuwa na doa lolote. Mikeka aliisuka mkewe; yeye aliiuza tu.

Nilimwomba radhi, akanipa, lakini kwa miaka mingi kila tulipokutana sokoni aliuinua mkono ule, nami nilisimama nikautazama hadi aushushe. Wauza ndizi walikufa kwa kicheko. Nilistahili.

Amekwisha kufa. Na hata leo nikikumbuka pale relini, akili yangu inaniletea ule mkono mwingine, wenye unyoya. Gari moshi lenyewe, nililolitazama kwa macho yote mawili, sikumbuki hata lilikuwa na rangi gani.