Paa la Sponji

Ningependa kumlaumu mtu, lakini ukweli ni kwamba mbuzi ndio walioanza. Levis ni mlinzi kwenye lango la shamba moja kule Umm Salal, Qatar, na mwaka jana mwenye shamba aliamua kubadilisha paa la banda la mbuzi wake. Si kwamba lilikuwa linavuja; huku mvua ikinyesha watu hutoka nje kuipiga picha. Alitaka tu mbuzi wasisikie joto. Yakaletwa mabati marefu, mawili mawili, yamebana sponji nene katikati. Lilipoezekwa, mafundi wakamwita Levis aguse upande wa ndani saa ya jua kali. Akagusa. Palikuwa baridi kama sakafu ya kanisa.

Jioni alirudi chumbani kwetu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, amenuna. Mimi nafua mashuka kwenye hoteli moja hapa mjini. Nalala kitanda cha chini, yeye cha juu, kwa hiyo hasira zake zote hunishukia mimi.

"Bro, mbuzi wanalala poa kuliko matha," akasema. "Na mimi niko Gulf. Si hiyo ni aibu?"

Mama yake anaishi Nyamira, kwenye vilima vya majani chai, katika nyumba ya udongo yenye mabati yaliyoliwa na kutu. Yalikuwa yametoboka juu kabisa ya kitanda chake, na masika yalikuwa yanakaribia. Aliomba mabati sita na misumari, basi. Nilimsikia mwenyewe kwenye spika ya simu: "Baba, ni hapo kwa kitanda tu. Mifupa yangu haitaki maji." Lakini mtu akishaona paa la mbuzi wa tajiri, mabati sita huyaona kama matusi.

Levis akampigia fundi Eugene, aliyeezeka nusu ya kijiji chao, akamwambia anataka paa la sponji.

"Mkubwa, sponji ya godoro?" fundi akauliza.

"Ya kuzuia joto."

"Joto ya wapi? Huku tunaota moto saa sita mchana!"

Hapo mtu mwenye akili zake angeshukuru na kukata simu. Levis alisema fundi ana wivu. Akatafuta muuzaji Nairobi, akamtumia picha za banda la mbuzi, akaagiza kama hilo hilo, vipimo hivyo hivyo. Nilipomuuliza kama anajua ukubwa wa nyumba ya mama yake, akaniambia niache roho mbaya. Bei yake sitaitaja, maana bado inaniuma na hela hazikuwa zangu. Aliacha kula mchana. Akauza saa yake, akauza simu ya pili, akachukua zamu za watu kila Ijumaa. Ilifika mahali akawa anatazama viatu vyangu kwa namna iliyonifanya nianze kulala navyo.

Mzigo ulifika Nyamira mvua za kwanza zikianza. Lori lilikuwa refu mno, halikuweza kupinda kuingia njia ya kwa mama. Dereva akajaribu, akang'oa ua wa jirani, akatukanwa vizuri, akashusha kila kitu kwenye kituo cha chai, pale wakulima wanapopimia majani yao. Fundi Eugene akaenda na futi yake. Alipotupigia simu alikuwa anacheka hadi anakohoa.

"Mkubwa, hii paa ni refu mara mbili ya nyumba. Itabidi tuongeze nyumba."

"Ongeza," akasema Levis.

"Niongezee wapi? Kwa shamba ya jirani?"

"Basi kata."

"Na hizo kuta za udongo zitabeba? Zitalala chini zote, na mama yako ndani!"

Levis hakushindwa. Alichukua boksi la piza akaanza kuchora kuta za mawe, msingi, vyumba vitano na varanda. Kila jioni nyumba iliongezeka chumba. Huko Nyamira mama alisogeza kitanda pembe hii, akakisogeza pembe ile, mwishowe akahamia jikoni. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililonichemsha.

"Mama yako analala na kuku," nikamwambia, "na wewe unachora varanda!"

Akajifunika shuka hadi kichwani.

Mama Levis hakungoja ramani. Upepo ulipong'oa paa la kituo cha chai na majani ya watu yakalowa, alikwenda akawaambia wakulima: chukueni hii ya mtoto wangu, nipeni yale mabati yenu yaliyoanguka. Walipatana palepale. Jioni hiyo kituo kilikuwa na sponji, na fundi Eugene alikuwa ameshagongomea mabati sita juu ya kitanda cha mama.

Ijumaa nilimpelekea Levis chapati langoni, na nilikuwa naye mama alipopiga simu ya video. Alikuwa amejilaza kitandani, miguu ameinyoosha kama mgeni wa heshima.

"Kukavu!" akasema. "Mvua inanyesha na mimi niko kukavu."

"Na paa yangu, mama?"

"Iko kwa chai. Imewatosha kabisa."

Levis akapandwa na mori. "Mama! Jua inanichoma hapa kila siku, nikununulie paa, unapea majani?"

"Inakuchoma aje? Si ulisema unakaa ofisini?" Mama akaketi. "Hebu nionyeshe."

Levis akaizungusha simu. Kibanda chake ni mabati matupu, upana wa choo, na feni yake ilikufa kitambo. Jasho lilikuwa linamdondoka hadi kwenye kioo cha simu.

"Na wale mbuzi ndio wako na sponji?" mama akauliza polepole.

"Eeh, mama."

Mama akakata simu bila kuaga.

Kesho yake jioni simu yangu ikaanza kulia bila kupumua. Nilikuwa nimeingizwa kwenye kundi jipya la WhatsApp, "Paa ya Levis Qatar". Mwenyekiti, fundi Eugene. Mweka hazina, karani wa kituo cha chai. Wakulima walikuwa wanaahidi michango kwa zamu, na mmoja aliandika: "Safari hii tupewe vipimo kwanza." Mama Levis aliahidi bonasi yake yote ya chai, na ikipungua, ndizi zake.

Levis alianza kuandika, akijisomea kwa sauti kule juu, kwamba kibanda ni cha kampuni ya ulinzi, hakiezekwi kwa harambee. Akafuta. Akaandika tena, akafuta. Kisha kitanda cha juu kikaanza kutikisika, nikajua analia. Mimi niliyemcheka tangu mwanzo niliinuka nikampandishia taulo yangu.

Ukaingia ujumbe wa sauti wa mama. "Baba, mbona umenyamaza? Mimi siwezi kulala kukavu na wewe unaungua. Tuma vipimo."

Asubuhi Levis aliondoka mapema kwenda kazini, na futi ya kuazima mfukoni.