Ubao wa Chizi na Jibu Nililompa Hajjat

Siku ya kwanza kazini nilidhani wananipima akili. Nilitoka Misungwi, kwenye nyumba ya wafugaji, nikaajiriwa kuosha vyombo katika hoteli moja ya ufukweni hapa Mwanza. Kabla sijashika sufuria, Mpishi Mkuu, mama wa Kihaya asiyecheka hovyo, aliniita jiko baridi. Hicho ni chumba cha vyakula visivyopita motoni: saladi, matunda, chizi, yaani jibini, na nyama za kukaushwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kipande cheupe cha chizi chenye mishipa ya bluu.

"Nusa."

"Mama, hii imeoza."

"Haijaoza. Imelelewa hivyo. Onja."

Nilionja. Kwetu maziwa yakiota ukungu anapewa mbwa, na mbwa mwenyewe anafikiria kwanza. Huku watu wazima wenye suti walikuwa wanaifuata kwa uma na kuisifia. Nilishtuka kweli, na siku ile niliwaza kurudi kwa ng'ombe wa baba.

Sikurudi. Baadaye alinihamishia jiko baridi, akanifundisha kupanga ubao wa wageni, ule unaopelekwa mezani kama sinia. Chizi itoke kwenye friji saa moja kabla, maana ikiwa baridi ladha yake inajificha. Unaanza na vibakuli vya asali na achari, unaweka chizi mbalimbali, unakunja nyama katikati yake, kisha unaziba mapengo kwa nanasi, tikiti na zabibu za Dodoma mpaka ubao wenyewe usionekane. Chumvi ikae jirani na utamu. Na sharti moja alilirudia mpaka likanichosha: nguruwe ana ubao wake wa kukatia, kisu chake na kitambaa chake.

"Mgeni haoni jikoni," alikuwa akisema. "Anakula kwa kukuamini tu."

Alipostaafu, nilibaki mkubwa wa jiko baridi chini ya Meneja wa Chakula, kijana mwenye haraka zake. Mchana mmoja familia ya Kiislamu ya hapa mjini ilikuja kumpongeza binti yao aliyehitimu udaktari. Meneja hakuniambia wanaokuja ni akina nani. Nikapanga ubao wa kawaida, vipande vya tikiti nimevivisha nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba kama karatasi. Wageni wako ngazini, ndipo akaja anahema.

"Hawa hawali nguruwe. Toa nyama, acha matunda."

"Bosi, matunda yamegusana nayo. Nipe nusu saa nikate mengine."

"Nusu saa sina. Nani atajua? Toa, au toka wewe."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapojishangaa mpaka leo. Nilitoa. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, lakini hilo si jibu. Nilivua ile nyama kwenye tikiti kwa vidole hivi, nikafuta kwa kitambaa, nikajaza nanasi palipobaki wazi. Ubao ukapendeza kuliko mwanzo. Nikaupeleka mwenyewe.

Mama wa binti, ambaye wote walimwita Hajjat, alinishika mkono kwa upole kabla sijaondoka.

"Mwanangu, humu hakuna nguruwe?"

"Hakuna, mama."

Mdomo ulijibu kabla yangu. Akasema bismillahi, akachukua kipande cha tikiti, akawageukia wenzake waliokuwa bado wanasita.

"Kuleni, nimeshamuuliza."

Wakala. Nilirudi jikoni, nikamkuta Meneja anapiga mluzi.

Nilihamia hoteli nyingine mbili baada ya hapo, nikastaafu kwa heshima, nikajenga Buswelu, pembeni mwa mji. Na ona mambo ya dunia: jirani yangu wa ukuta mmoja akawa Hajjat, aliyehamia kwa yule binti yake daktari. Alinitambua siku ya kwanza. Kila Idd akawa ananiletea pilau, na kuwaambia watu kwamba huyu mzee ndiye aliyetulisha vizuri. Pilau ile nilikuwa naipokea bila kumtazama usoni.

Idd iliyopita nilimfuata barazani, nikamkuta anachambua mchele. Nikamwambia yote bila kujipunguzia.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Nani alikuagiza?"

"Meneja."

"Na aliyenijibu?"

"Ni mimi, mama."

Nilitegemea anifukuze. Ingekuwa nafuu. Aliuweka ungo chini, akasema taratibu:

"Mimi nilikula bila kujua, na Mungu wangu analijua hilo. Lakini wale wenzangu hawakula kwa neno lako. Walikula kwa neno langu. Wengine nimeshawazika. Sasa niende nikamwambie nani?"

Vijana wa jiko baridi mnanifuata hapa kuniuliza siri ya ubao mzuri. Mimi bado namtafutia Hajjat jibu.