Mkanda wa Kiherehere

Nina mke mwenza mwenye miguu minne. Anaitwa Kiherehere, mbwa anayefanya kazi na mume wangu ya kunusa mizigo kwenye ghala la mabati, na nikimwekea chakula hunitazama mimi kwanza, kana kwamba nimetia kitu. Nimemzoea. Mbwa aliyemtangulia sikuwahi kumzoea, na najuta. Siku moja ya joto alifanya kazi mpaka akaanguka, mume wangu akarudi nyumbani na kamba tupu mfukoni. Wiki nzima hakusema zaidi ya "asante, nimeshiba."

Ndiyo maana ofisi ilipoleta mkanda, niliufurahia kuliko yeye. Unafungwa kifuani mwa mbwa, na una kidude cha chuma kinachogusa ngozi na kupima joto. Likizidi, saa ya mume wangu inatetemeka. Ila chuma kilimchubua Kiherehere nyuma ya mguu wa mbele, na mimi fundi cherehani siwezi kuona kazi mbaya nikanyamaza. Jumamosi nikaufumua mkanda, nikaweka sponji na kitambaa laini, nikaushona upya. Mume wangu aliusifu mpaka nikavimba kichwa.

Jumatatu jua liliwaka si mchezo. Saa ilikuwa kimya. Lakini mume wangu aliona ulimi umemtoka Kiherehere, miguu ya nyuma inayumba, na bado anang'ang'ania gunia linalofuata. Hakuingoja saa. Alimbeba mpaka kivulini, akammwagia maji mwili mzima, akampepea kwa kipande cha boksi mpaka daktari wa mifugo akafika. Mbwa akapona.

Daktari akaufungua mkanda. "Nani kaweka sponji hapa? Kifaa kimepima sponji, mbwa hakikumpima."

"Mimi," akasema mume wangu. Mtu asiyejua hata kushona kifungo! Msimamizi akamfokea mbele ya wenzake, naye akapokea yote. Niliambiwa na mwenzake aliyemsindikiza nyumbani.

Nililia kwa aibu, kisha nikamgombeza. "Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Ulitaka asiumie, mama watoto. Na mimi nilitaka hivyo hivyo. Basi tugawane."

Nikakata dirisha katikati ya sponji ili chuma kiguse ngozi, kingo zibaki laini. Lakini sikuthubutu kumfunga tena bila kujaribu. Mume wangu akashusha kiwango cha onyo kwenye saa, maana mwili wa mtu hauna joto kama wa mbwa, nikajifunga mkanda mwenyewe ndani ya gauni, nikawasha pasi, nikaanza kunyoosha sare zake. Yeye akatoka uani kumchana Kiherehere manyoya.

Shati la tatu, jasho likinitiririka, nikasikia mlango umejigonga ukutani. Mume wangu kaingia mbio na ndoo, saa inatetemeka mkononi, maji yanamwagika mpaka miguuni kwangu, mbwa nyuma yake.

"Wewe! Si tunajaribu tu?"

"Najua," akasema, akihema, macho yamemtoka. "Lakini kaa chini kwanza."

Nikakaa.