Mashimo Matupu ya Selestina

Selestina wa kijiji cha Daa amefua mashuka ya hoteli moja ya watalii Karatu kwa miaka kumi na moja. Sabuni imemchubua mikono hadi inamuuma hata akimenya viazi. Ndiyo maana nafasi ya mapokezi ilipotangazwa aliitaka kwa udi na uvumba. Tatizo, usaili ulikuwa wa Kiingereza.

Swaleh, mwenye duka aliyewahi kuwapikia watalii porini, alijitolea kumfundisha. Kilichomshinda Selestina ni "the". Nani asingeshindwa? Sisi tunasema upendo, basi.

"Upendo kwa jumla unatembea peke yake, dada," Swaleh alimwambia. "Ukiwa wa mtu unayemtaja, mpe 'the'. Subira hivyo hivyo, na matumaini."

Muda wa kukaa na daftari hana. Akarudia somo shambani, akipanda maharage na mama mkwe wake, Sabina. Kila shimo alilipa neno. Subira ya mama yangu: akadondosha punje mbili. Subira tu: akapita. Kiingereza kilimteka akili hata akasahau kwamba anapanda chakula. Sabina alifuata nyuma akifukia kwa mguu, bila kuchungulia.

Maharage yakaota, na mistari ikawa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Usaili ulikuwa kesho yake.

"Mama Leonce, mbegu ulipeleka wapi?" Sabina alimuuliza mkwewe.

Selestina alieleza yote, uso chini kwa aibu. Mkwe wangu mimi angenitimua. Sabina akaenda kusimama kwenye pengo la kwanza.

"Hapa ulisema nini?"

"Upendo, mama."

"Na hapa?"

"Subira."

Wakaenda hivyo hadi mwisho wa shamba, bibi asiyejua neno la Kiingereza akimsahihisha mkwewe kwa mimea. Palipoota, "the". Palipo wazi, hakuna.

Kwenye usaili Selestina hakubabaika, na siku hiyo hiyo akaambiwa aanze Jumatatu. Alirudi nyumbani karibu kukimbia. Akamkuta Sabina ameinama shambani, mfuko wa mbegu kiunoni, akijaza mapengo.

"Nimepata, mama!"

"Nilijua," Sabina akasema bila kuinuka. "Haya, njoo hapa kwenye upendo. Safari hii utie mbegu."