Rangi Mbichi Ukutani

Juzi nilipita shule yangu ya zamani hapa Malindi, nikamkuta fundi akiandika wastani wa mtihani ukutani kwa tarakimu kubwa. Harufu ya ile rangi ya mafuta ikanirudisha utotoni.

Ndiyo harufu iliyokuwepo mchana tulipoandikishwa mtihani wa darasa la nane. Mwalimu mkuu, kwa sauti laini kama halua, alimwita Kadzo, rafiki yangu wa dawati moja, ambaye hesabu zilimshinda.

"Wewe mwanangu, mtihani utaufanyia shule ya Ngomeni. Kule kuna upepo mzuri wa bahari."

Nilidhani ni zawadi. Nikaangua kilio, nikitaka nami nipelekwe.

"Wewe huendi popote," akacheka, akinipapasa kichwa. "Wewe ndiwe utakayetupandishia wastani."

Sikujua kwamba wenye alama ndogo walikuwa wakifagiwa kama taka, ili ukuta ule upendeze. Walimu wote walijua, wakanyamaza. Kadzo naye alijua. Alikusanya vitabu vyake taratibu, kisha akanifuta machozi kwa kiganja.

"Usilie," akaniambia. "Nitakuletea makombe ya pwani."